Kuvunjika kwa mfupa si mwisho wa safari: maisha ya Gerhard Küntscher

Wahenga walituachia usemi kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tunaufundisha usemi huo darasani, wanafunzi wanauingiza katika insha zao, na mtahini huwapa alama. Lakini ni nadra kwa mwalimu kuwaeleza wanafunzi hao kwamba aliwahi kutokea mtu aliyeichukua kazi ya mhunzi, akaipeleka ndani ya mfupa wa mwanadamu, na kwa kufanya hivyo akawainua kitandani mamilioni ya watu ambao pengine wangebaki vilema. Mtu huyo aliitwa Gerhard Küntscher, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliyezaliwa 1900 na kufariki 1972. Hakuna daktari wa mifupa duniani asiyelijua jina lake. Sisi walimu, kwa bahati mbaya, hatulitaji.

Nimeamua kuyasimulia maisha yake katika safu hii kwa sababu mbili. Ya kwanza inaonekana katika kila barabara ya nchi hii. Tangu bodaboda zilipoenea mijini na vijijini, vijana wetu wengi wamevunjika mapaja na miundi, na katika wadi za wanaume za hospitali zetu nimewaona wamelala sambamba, kila mmoja akiwa na umri wa kuwa mwanafunzi wangu wa jana. Sababu ya pili iko shuleni. Wanafunzi wanaoingia shule za upili za juu sasa huchagua mikondo, na hata ndani ya mkondo mmoja wa sayansi na teknolojia, wako wanaochukua sayansi zenyewe na wako wanaochukua ufundi, kama vile ufuaji wa vyuma. Nawasikia wazazi wakiulizana iwapo mtoto aliyepelekwa kwenye ufundi ameshindwa. Maisha ya Küntscher yana jawabu kwa swali hilo, nami nitalitoa baada ya kuyasimulia.

Kwanza yatupasa tuelewe msiba aliokuja kuutibu. Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote ya mwili. Umezungukwa na misuli minene, na mfupa huo unapokatika, misuli hiyo haitulii. Hujikunja na kuzivuta ncha mbili za mfupa zipandane, mguu ukawa mfupi na kupinda. Plasta peke yake haiwezi kuzuia mvuto huo. Ndiyo sababu kwa miaka mingi tiba ilikuwa ni kumlaza mgonjwa chali, kupitisha chuma chembamba chini ya goti, kufunga kamba na kuning'iniza uzito mwisho wa kitanda ili mguu uvutwe siku zote. Mgonjwa hukaa hivyo kwa majuma sita, nane, hata kumi na mawili. Katika muda huo misuli hukonda, goti hukakamaa, mgongo huota vidonda, na damu inaweza kuganda miguuni kisha ikasafiri hadi mapafuni na kumwua ghafla mtu aliyedhaniwa kuwa anapona. Aliye na bahati huinuka akiwa na mguu uliopungua urefu. Mkulima hukosa msimu mzima. Mwanafunzi hukosa muhula mzima, wakati mwingine na mtihani wa mwisho.

Si kwamba hakuna aliyejaribu kutumia chuma. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Arbuthnot Lane wa London alikuwa akifungua nyama na kuviunganisha vipande vya mifupa kwa mabati ya chuma na skrubu. Lakini mwili wa binadamu ni maji ya chumvi, na chumvi ni adui wa chuma. Mabati mengi ya enzi hizo yalishika kutu, yakalegea, yakavunjika. Baadaye, mnamo 1937, Wamarekani wawili wa Texas, Charles Venable na Walter Stuck, walionyesha kwamba metali mbili tofauti zikiwekwa pamoja mwilini huzalisha mkondo mdogo wa umeme, kama betri, na mkondo huo huila metali na kuudhuru mfupa. Mwalimu wa kemia anayefundisha seli za umeme anaweza kuanzia hapo, na hakuna mwanafunzi atakayesinzia.

Basi Küntscher alizaliwa tarehe 6 Desemba 1900 mjini Zwickau, katika jimbo la Saxony. Alisomea udaktari katika vyuo vikuu vya Würzburg, Hamburg na Jena, na kufikia 1930 alikuwa amejiunga na idara ya upasuaji ya Chuo Kikuu cha Kiel, mji wa bandari ulio kaskazini mwa Ujerumani, chini ya mkuu wake Wilhelm Anschütz. Kiel ni mji wa viwanda vya meli. Daktari anayefanya kazi katika mji wa namna hiyo hukutana kila juma na watu walioanguka kutoka kwenye majukwaa au walioangukiwa na vyuma.

Jambo la kwanza linalonipendeza katika maisha ya mtu huyu ni kwamba hakuanza na msumari. Alianza kwa kuuliza swali la fizikia: mzigo unaposhuka katika mfupa, hupitia wapi? Wakati huo wahandisi wa injini walikuwa wamebuni njia ya kukipaka kipande cha mashine rangi ya aina fulani ambayo, ikikauka, huwa kavu na dhaifu kama ganda la yai. Kipande hicho kikipewa mzigo, rangi hupasuka mistari mistari pale ambapo metali inanyooshwa zaidi. Küntscher akaichukua njia hiyo ya watu wa mashine, akaipaka mifupa ya binadamu rangi hiyo, akaitwika mizigo na kuitazama mistari ikijichora. Uchunguzi huo aliuchapisha mnamo 1934. Kabla hajathubutu kuutengeneza mfupa, aliusoma kama fundi mwashi anavyoisoma nguzo.

Wazo la kutumia msumari alilichochewa na kazi ya mwenzake wa mbali. Marius Smith-Petersen, daktari wa Boston mwenye asili ya Norway, alikuwa ametangaza mnamo 1931 jinsi ya kuushikisha mfupa wa nyonga uliovunjika shingoni kwa kutumia msumari wenye mabawa matatu. Küntscher alijiuliza: ikiwa shingo ya mfupa inaweza kushikwa kwa msumari, kwa nini gogo zima la paja lisishikwe? Mfupa wa paja ni bomba. Katikati yake mna mfereji uliojaa uboho. Msumari mrefu ukipitishwa katika mfereji huo kutoka juu, karibu na nyonga, utazishika ncha zote mbili za mfupa kutoka ndani, na mgonjwa ataweza kukanyaga bila kusubiri miezi.

Hapa ndipo anapoingia mtu wa pili katika kisa hiki, mtu ambaye vitabu humtaja kwa mstari mmoja kisha vikamwacha. Huyu ni Ernst Pohl, mhandisi na fundi wa vifaa vya hospitali mjini Kiel. Daktari alijua mfupa unahitaji nini. Fundi alijua chuma kinaweza kufanya nini. Walitumia chuma cha pua kisichoshika kutu, aina ambayo kampuni ya Krupp ilikuwa imeisajili mnamo 1912. Msumari wa kwanza ukikatwa kwa upana ulikuwa na umbo la herufi V. Baadaye ukawa na umbo la jani la klova, yaani bomba lenye mabonde na matuta matatu, na ufa uliopita upande mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Naomba wanafunzi wa hisabati wanisikilize vizuri hapa, kwa kuwa siri yote ya ubunifu huo imo katika umbo. Chukua fimbo mbili za chuma cha aina moja na urefu sawa. Ya kwanza haina tundu, na kipenyo chake ni milimita 8. Ya pili ni bomba ambalo kipenyo chake cha nje ni milimita 10 na tundu lake lina kipenyo cha milimita 6. Nane mara nane ni 64. Kumi mara kumi ni 100. Ukitoa sita mara sita, yaani 36, inabaki 64. Kwa hivyo fimbo hizo zina kiasi sawa cha chuma, na uzito wao ni mmoja. Lakini uwezo wa fimbo kukataa kupinda haufuati kipenyo mara kipenyo. Hufuata kipenyo katika kipeo cha nne. Nane katika kipeo cha nne ni 4,096. Kumi katika kipeo cha nne ni 10,000. Ukitoa sita katika kipeo cha nne, ambayo ni 1,296, inabaki 8,704. Kwa uzito ule ule, bomba linakataa kupinda zaidi ya mara mbili ya fimbo isiyo na tundu. Muumba aliijua hesabu hiyo alipoufanya mwanzi kuwa mtupu ndani, na mfupa wa ndege, na mfupa wa paja lako wewe msomaji.

Ule ufa wa upande mmoja nao haukuwa urembo. Uliliwezesha bomba kubanwa kidogo linaposukumwa ndani ya mfereji ulio mwembamba, kisha likajitanua na kuzishika kuta za mfupa kwa nguvu yake lenyewe, mfano wa chemchemi ya chuma. Halikuhitaji skrubu. Aidha Küntscher alishikilia jambo moja ambalo wengi hawakulielewa mara moja: msumari uingizwe kupitia tundu dogo mbali na mahali palipovunjika, daktari akiongozwa na mwanga wa eksirei, na pale palipovunjika pasifunguliwe kabisa. Kwa njia hiyo damu iliyoganda kuzunguka jeraha, ambayo ndiyo kitalu cha mfupa mpya, haivurugwi, wala vijidudu havipewi mlango. Tukumbuke kwamba wakati huo penisilini ilikuwa haijawa dawa ya hospitalini. Jeraha la mfupa likiingia usaha, mara nyingi mguu ulikatwa.

Mnamo Novemba 1939, baada ya majaribio kwa wanyama, alimpigilia msumari mgonjwa wake wa kwanza, mfanyakazi wa kiwanda cha meli aliyevunjika paja karibu na nyonga. Mwezi wa Machi 1940 alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa upasuaji wa Ujerumani mjini Berlin akaeleza alichofanya. Hakupokelewa kwa vigelegele. Wakuu wa taaluma walikuwa wamefundishwa kwamba uboho ni kitu cha kuheshimiwa, na kwamba anayeuvuruga atausukuma mafuta yake katika damu hadi yazibe mapafu. Hofu hiyo haikuwa upuuzi. Hatari ya mafuta kuingia katika damu ipo mpaka leo na madaktari huichunga. Lorenz Böhler wa Vienna, aliyekuwa bingwa wa mivunjiko katika Ulaya nzima na mtetezi mkuu wa tiba ya kuvuta mguu, naye mwanzoni hakuiamini njia hiyo. Lakini Böhler alikuwa na sifa ambayo ningependa kila mwalimu awe nayo: alipouona ushahidi, aliubadilisha msimamo wake, akaanza kuitumia na kuiandikia.

Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha kuanza. Küntscher alipelekwa kuwa daktari wa jeshi, na kuanzia 1942 hadi 1944 alikuwa Kemi, kaskazini mwa Finland, ambako aliwafundisha madaktari wa Finland kazi yake. Kwa upande wa pili wa mapigano, madaktari wa Uingereza na Marekani hawakujua lolote. Habari iliwafikia kwa njia ya ajabu: wanajeshi wao waliokuwa wametekwa na Wajerumani walirudi makwao wakitembea, na walipopigwa eksirei, kukaonekana fimbo ndefu ya chuma ndani ya paja. Machi 1945 gazeti la Time la Marekani liliandika juu ya mfupa huo wa paja wa kustaajabisha. Mwaka huo huo Küntscher na mwenzake Richard Maatz walichapisha kitabu kilichoeleza utaratibu mzima. Wale waliokuwa maadui wakaanza kujifunza kwa adui.

Hapa napaswa kutua, kwani kuna jambo ambalo mwandishi mwingine angeliruka. Küntscher alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Serikali aliyoitumikia ilikuwa na sababu yake ya kuupenda msumari wake, yaani kumrudisha askari vitani upesi. Katika miaka hiyo hiyo, katika kambi ya Ravensbrück, daktari mwingine wa Kijerumani, Karl Gebhardt, na wasaidizi wake walikuwa wakiwavunja wanawake wafungwa mifupa na kuwaambukiza vidonda kwa makusudi, eti ni utafiti. Gebhardt alihukumiwa mjini Nuremberg akanyongwa mnamo 1948. Küntscher hakuwa miongoni mwa madaktari walioshtakiwa katika kesi hiyo, wala simhesabu pamoja nao. Hata hivyo alikuwa ndani ya chama kilichowapa uwezo watu wa aina hiyo, na hilo halifutiki kwa wema wa msumari.

Je, mwalimu afanye nini? Wako watakaosema kwamba mtu kama huyo asitajwe darasani. Wako watakaosema atajwe kwa uvumbuzi wake tu na siasa ziachwe kwa mwalimu wa historia. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Kumnyamazia ni kuwanyima wanafunzi maarifa, na kumpamba ni kuwadanganya. Mwanafunzi wa miaka kumi na saba ana akili ya kutosha kuelewa kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na jicho kali la kuona njia ya mzigo katika mfupa, na jicho hilo hilo likashindwa kuona, au likakataa kuona, kinachotendwa na wenye mamlaka anaowapigia kura na saluti. Tena somo hilo linamfaa zaidi yule anayetaka kuwa daktari, kwa sababu atakabidhiwa miili ya watu wasioweza kujitetea. Sayansi humfundisha namna ya kutumia kisu. Haimfundishi amtumikie nani.

Baada ya vita Küntscher aliongoza hospitali mjini Schleswig, kisha kuanzia 1957 hadi 1965 akaongoza Hospitali ya Bandari ya Hamburg, ambako madaktari wa nchi nyingi walimfuata kutazama. Hakuwahi kukalia kiti cha mkuu wa upasuaji katika chuo kikuu. Hakuoa. Waliomjua walimkumbuka kama mtu wa mizaha na mpenzi wa kuogelea katika maji baridi. Aliendelea kuutengeneza msumari wake upya mwaka baada ya mwaka: akabuni kekee zinazopindika za kuupanua mfereji wa mfupa kabla ya kuingiza msumari, ili msumari wenye kipenyo kikubwa zaidi upate nafasi. Mwanafunzi aliyeifuata hesabu ya hapo juu ataelewa mara moja faida yake. Mnamo 1970 alichapisha kitabu kuhusu jinsi mfupa mpya unavyoota penye mvunjiko, swali lililomsumbua maisha yake yote. Tarehe 17 Desemba 1972 alifariki akiwa mezani kwake, kazini.

Msumari wake ulikuwa na udhaifu, naye aliujua. Bomba lenye ufa hustahimili kupindwa lakini halistahimili kusokotwa. Chukua karatasi uikunje iwe bomba bila kuigundisha, kisha uisokote, utajionea mwenyewe. Isitoshe, mfupa uliosagika vipande vipande, au uliovunjika karibu na goti, uliweza kuzunguka au kufupika juu ya msumari usiofungwa. Mnamo 1968 Küntscher mwenyewe alionyesha msumari uliofungwa kwa kupitishiwa vyuma vya kukingama. Wajerumani Klemm na Schellmann wa Frankfurt waliuendeleza mwaka 1972, na Wafaransa wa Strasbourg, Grosse na Kempf, wakafuatia katika muongo huo. Huo ndio msumari unaotumika leo: bomba lisilo na ufa, lenye matundu juu na chini ya kupitisha skrubu.

Metali nayo imebadilika. Chuma cha pua kina uzito wa takriban gramu 8 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Titani ina gramu 4.5 hivi, karibu nusu. Lakini wepesi si faida yake kubwa. Chuma cha pua ni kigumu kunyumbuka mara kumi hivi kuliko mfupa, ilhali aloi za titani zina takriban nusu ya ugumu huo. Kuna faida gani katika kunyumbuka? Julius Wolff, Mjerumani mwingine, alieleza mnamo 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na kazi unayopewa. Chuma kigumu mno kikiubeba mzigo wote, mfupa ulio kando yake hukaa bure, na mfupa unaokaa bure hukonda. Mbunifu wa vipandikizi kwa hivyo hatafuti nguvu tupu. Hutafuta kitu chenye nguvu ya kutovunjika, chepesi, na chenye unyenyekevu wa kuuachia mfupa sehemu ya kazi yake. Ndiyo maana watafiti sasa wanachapa titani yenye vitundu vidogo vidogo kama sifongo, ambamo mfupa huweza kuota, na wengine wanajaribu magnesi, ambayo huyeyuka polepole mwilini mfupa ukiisha kupona.

Na sisi je? Mashine ya eksirei inayomwonyesha daktari picha wakati wa upasuaji ni ghali, na hospitali nyingi za Afrika hazina. Mnamo 1999 lilianzishwa huko Richland, katika jimbo la Washington nchini Marekani, shirika liitwalo SIGN, ambalo hutengeneza msumari wa chuma cha pua usio na tundu katikati, pamoja na mkono wa kulengea unaomwezesha daktari kuyapata matundu ya skrubu bila mashine hiyo, na kuwapa madaktari wa nchi maskini bila ya wagonjwa kutozwa bei ya msumari. Umetumika katika hospitali kadhaa za Kenya na katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Nawashukuru waliofanya hivyo. Lakini shukrani isitufanye tusijiulize swali. Umbo la msumari huo liliamuliwa na mazingira yetu, yaani hospitali isiyo na mashine fulani, ila aliyeketi kulifikiria alikuwa ng'ambo ya bahari. Mazingira ni yetu na fikra ni za wengine.

Sisemi kwamba fundi wa Kamukunji aanze kesho kufua misumari ya kutia katika mapaja ya watu. Kazi hiyo ina vipimo vyake, metali yake, na usafi wake, na anayeipuuza ataua. Nasema kwamba Küntscher bila Pohl angebaki na wazo kichwani. Pohl hakuwa mtumwa wa kutekeleza aliyoagizwa. Mnamo 1951 yeye mwenyewe alisajili uvumbuzi wa skrubu inayoteleza ndani ya bati, kwa ajili ya mivunjiko ya nyonga, na skrubu ya asili hiyo ingali ikitumika ulimwenguni kote kuwainua wazee wanaoanguka. Fundi chuma huyo amewaponya watu wengi kuliko madaktari wengi waliosoma vitabu vinene.

Hilo ndilo jawabu nililoliahidi kwa wazazi. Mtoto aliyechagua ufuaji wa vyuma hajashindwa, na mtoto aliyechagua biolojia hajashinda. Wote wawili watakuwa wameshindwa iwapo watamaliza miaka mitatu katika shule moja bila kuketi meza moja. Naliweka pendekezo langu mbele ya walimu wakuu, na halihitaji bajeti wala waraka kutoka wizarani. Mara moja kwa muhula, darasa la biolojia na darasa la ufundi wakutane wapewe tatizo moja: mfupa wa ng'ombe kutoka buchani, umekatwa kwa msumeno, na vipande vya bomba na nondo. Waulizwe waushikishe kwa uzito mdogo iwezekanavyo, kisha wautwike mzigo mpaka uvunjike, na waandike kwa Kiswahili sanifu wameona nini na kwa nini. Wengi watashindwa mara ya kwanza. Küntscher alitumia zaidi ya miaka thelathini katika swali hilo hilo, na alipofariki bado alikuwa akiliandikia.

Wakati huo huo, kijana fulani wa bodaboda amelala wadini mguu ukivutwa kwa kamba, akihesabu majuma na madeni, kwa kuwa msumari haupo au bei yake haifikiki. Tiba yake imejulikana tangu 1939. Kilichobaki ni sisi kulea watu watakaoitengeneza hapa kwetu, na jukumu hilo, walimu wenzangu, halianzi chuo kikuu.